Kwaya Imekuwa Lubunga ya Vijana

Zamani mvulana wa Kibembe alifunzwa utu kwenye lubunga, baraza la wanaume pale kijijini. Hapo wazee walikula pamoja, walikata mashauri, walipanga mali ya kuolea na kukumbushana ukoo gani umeukosea ukoo gani. Mvulana alikaa pembeni akisikiliza, kwa kuwa zamu yake ya kusema ilikuwa haijafika. Dada yake hakuketi hapo kabisa. Lubunga haijafa: hadi leo, huko Fizi, mashariki mwa Kongo, ugomvi wa shamba au wa ndoa huweza kurudishwa mbele ya wazee. Lakini kijana Mkristo wa Baraka, Mboko au Nundu akiwa na swali linalomnyima usingizi, halipeleki huko, wala hampelekei mchungaji. Analipeleka kwenye kwaya.

Ukristo si mgeni kwenye pwani hii ya Ziwa Tanganyika. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kibanga mwaka 1883. Wapentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ndiyo iliyozaa jumuiya ya 8 CEPAC. Wamethodisti Huru wana hospitali yao Nundu. Chini ya mwavuli wa Kanisa la Kristo katika Kongo kila jumuiya ina namba yake, na vijana hutambuana kwa mkato: huyu wa CEPAC, yule wa CELPA, wale wa parokia. Nyumba moja inaweza kuwa na mama Mpentekoste, baba Mkatoliki na mjomba Mwislamu, na siku za Idi na Noeli sahani huvuka kutoka ua hadi ua. Aliyekulia humo hahitaji kitabu kumwambia kwamba watu humwomba Mungu kwa njia mbalimbali. Ameliona hilo tangu yuko mgongoni.

Mazoezi ya kwaya huanza alasiri, jua likishapunguza makali juu ya manjanja. Mabenchi husogezwa ukutani. Kinanda kinategemea betri iliyochajiwa kwa jua. Betri ikizima katikati ya wimbo, ngoma na makofi huupokea wimbo pale pale bila mtu kugeuka. Maneno yamo katika daftari la mwongozi, na wenye simu wameyapiga picha. Mtunza sanduku hupita akikusanya franga: za vikwembe vya sare, za mgonjwa, za msiba. Ratiba yote hufuata mwezi, maana wavulana wengi ni wavuvi wa ndakala, na ndakala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo sauti ya besi hupungua kila giza linaporudi, na kesha la Ijumaa lililopangwa bila kutazama mbingu hujaa wasichana peke yao. Mwongozi mwenye akili hupanga harusi na tamasha wiki ya mwezi mpevu.

Wimbo wa mwisho ukiisha, hakuna anayeondoka. Wanakaa tena, wasichana kwa wavulana, na mazungumzo yanaanza. Mwongozi huitwa yaya, yaani ndugu mkubwa, kwa sababu amewazidi miaka michache tu, na ndiyo maana wanathubutu kumwambia wasiyoweza kumwambia mtumishi wa Mungu. Hakuna anayeuliza kama Mungu yupo. Wanauliza maisha haya, ya hapa, Mungu anayahesabu vipi.

Swali la kwanza daima ni la kuoa. “Yaya, baba yake anataka ng’ombe, mimi hata mbuzi sina. Tukikaa pamoja tutatolewa kwaya. Tusipokaa, ataolewa na mchimba dhahabu wa Misisi. Sasa Mungu atanihesabia kosa lipi?” Ndoa ni tatu: ya kimila, ya serikali na ya kanisa, na ya kwanza ndiyo mlango wa nyingine. Vita vilikula mifugo na kuzitawanya koo. Waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu mwaka 1996, wale waliorudi walirudi mikono mitupu, na mali ya kuolea ikabaki ile ile. Wanaoishi pamoja kabla ya kubarikiwa huzuiwa meza ya Bwana na kuvuliwa sare. Hapo kijana aliyesoma huitaja Sheria ya Familia ya mwaka 1987, isemayo kwamba ndoa haifungwi mpaka mahari ilipwe angalau sehemu. Kama serikali inaridhika na sehemu, anauliza, kwa nini kanisa lingoje mbuzi wa mwisho? Wazee nao wana jibu zito: kanisa linalombariki binti kabla baba yake hajaridhika limemnyang’anya mwana. Wasichana wana swali lao, ambalo lubunga haikuwahi kulisikia kutoka midomoni mwao: mali hiyo ni shukrani kwa wazazi au ni bei yangu? Na kama ni shukrani, mbona nikipigwa naambiwa nivumilie kwa kuwa nimeshalipiwa?

Swali la pili huja kwa sauti ya chini. Fizi ni nchi ya dawa ya vita. Waasi wa Simba mwaka 1964 waliamini maji ya Mulele yangegeuza risasi kuwa maji, na vikundi vyenye silaha vya Mai-Mai vimeendelea na kuogeshwa dawa na kushika miiko. Mvulana akiitwa na wenzake kulinda kijiji, mwanzo wa kazi ni dawa. Akikataa, ni mwoga au msaliti. Akikubali, kanisa linamhesabu ameabudu mizimu. Pale kwenye mabenchi wanaipima hukumu hiyo bila haraka: mchungaji humwombea askari mwenye bunduki apige shabaha na arudi salama, naye mwenye hirizi anafukuzwa. Je, bunduki si sanamu? Wapo wanaojibu kwamba dawa humfanya mtu asiogope kuua, na kwamba hofu hiyo aliiweka Mungu mwenyewe. Wapo wanaosema aliyekaa mjini na asiulinde uwanja wa mama yake hana haki ya kufundisha. Jioni huingia kabla hawajakubaliana.

Kuhusu mila wanazungumza kwa wepesi zaidi, hata kwa kicheko. Butende, jando la Kibembe, kwa wengi limehamia kituo cha afya, na mvulana hutahiriwa kwa sindano ya ganzi. Babu husikitika kwamba kidonda kimepona lakini mtoto hakufundishwa kitu. Alunga, barakoa yenye nyuso mbili iliyokuwa siri ya chama cha wanaume, vijana wengi wameiona kwa picha tu. Wamisionari waliliweka lote hilo kapu moja na kulibandika jina la shetani. Wajukuu wa waongofu wanalifungua kapu na kuchambua: matambiko waache, heshima kwa mkubwa, uvumilivu, kushika neno, hayo shetani aliyatoa wapi? Na wanaukumbusha upande wa pili kwamba ngoma nayo ilitiliwa shaka katika makanisa mengi ya Afrika, lakini leo Jumapili bila ngoma inaonekana msiba.

Swali linalowanyamazisha ni la kusamehe. Tarehe 28 Novemba 1964 waasi walimuua Bruder Vittorio Faccin mbele ya kanisa la Baraka. Padri Luigi Carrara alikuwa ndani akiungamisha watu. Alitakiwa aende na wauaji, akachagua kupiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, akauawa hapo hapo. Siku hiyo hiyo, Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, mwana wa Kapteni Joubert Mfaransa na Agnes Atakaye, mwanamke wa pwani hii hii ya ziwa. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri huko Uvira, na wasio Wakatoliki nao wakaisikiliza habari hiyo kwa makini. Kuwasifu wafia dini ni rahisi. Ugumu ni kwamba waliowaua hawakushuka kutoka mwezini: baadhi yao walikuwa vijana wa hapa hapa, na wana wajukuu.

Kutoka hapo mazungumzo huifikia milima ya Minembwe, wanakoishi Wanyamulenge. Wabembe na Wanyamulenge wanapatikana katika jumuiya zile zile, wakiimba tenzi zile zile. Wanyamulenge wanawalilia waliouawa Baraka na Mboko mwaka 1996. Wabembe wanawalilia waliouawa Makobola mwishoni mwa mwaka 1998. Nyimbo za amani kila kwaya inazo. Lakini mwongozi akiuliza nani yuko tayari kuimba wimbo huo Minembwe, macho hushuka sakafuni, na wa kule juu wakiulizwa kuhusu Baraka bila shaka hufanya vivyo hivyo. Angalau swali limetamkwa, na limetamkwa na watu ambao kesho wataombwa wawape watoto wao silaha.

Wazee wa kanisa wanalalamika kwamba kwaya imekuwa shule ya ukaidi. Wangehesabu walioondoka. Wengi waliolihama kanisa hawakuwahi kubishana na mtu: walinyamaza, wakaenda Misisi, au wakaingia chumba cha maombi cha nabii anayeahidi safari ya Marekani kwa sadaka. Mbishi yuko pale pale kila Jumamosi, na sare yake imepigwa pasi. Wenye lubunga walilijua hili zamani: shauri lililosemwa hutibika, lililofichwa hugeuka kuwa tuhuma za uchawi.

Na mila yenyewe inawapa vijana nguvu ambayo pengine wazee hawajaiona. Mwenzao akifikia kuposa, kwaya huchanga. Franga za sanduku hununua mbuzi, na mbuzi huyo hupelekwa ukweni pamoja na wale wa ukoo. Katika desturi za Fizi, aliyetoa mali ya kuolea ana neno katika ndoa hiyo: ataitwa ikiyumba, atasikilizwa ikivunjika. Wasichana wa kwaya nao wametoa. Siku ndoa hiyo itakapofikishwa mbele ya wazee, itabidi nao watafutiwe viti.