Usiku Gemu Yetu Ilipozimwa

Saa sita kasoro robo usiku simu iliita. Alikuwa binamu yangu, anapiga kutoka Buyenzi, Bujumbura.

"Yaya, uko na mega?"

"Ziko. Ila chaji imebaki kumi na mbili, na umeme umekwenda tangu jioni."

"Ingia hivyo hivyo. Wanafunga saa sita."

Niliingia. Ilikuwa gemu ya vita, ya kikosi cha watu wanne, kwenye kisiwa chenye milima na daraja moja refu. Tulikuwa tumeicheza miaka mitatu. Usiku ule hatukutafuta adui. Tuliteremka hadi kwenye lile daraja, mahali tulipokuwa tukiuawa kila mara kabla hatujajifunza kujificha, tukasimama. Wakaja wawili tusiowajua. Mmoja alikuwa na bunduki mkononi, akaiweka chini. Katika gemu ile, kuweka silaha chini kulitaka kubonyeza mara tatu, kwa hiyo najua hakubonyeza kwa bahati mbaya. Tukakaa wanne juu ya daraja bila neno, maana hatukuwa na lugha moja, mpaka picha ikaganda na maandishi yakatokea kwamba seva haipatikani.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko karibu na soko la Mulongwe, hapa Uvira, Kongo. Asubuhi nabadilisha vioo na kusafisha matundu ya chaji yaliyojaa vumbi. Mchana vijana huja kuchaji, na simu ikichajiwa huchezewa papo hapo. Wiki moja baada ya usiku ule, mvulana mmoja aliniletea simu yake. "Fundi, imekufa upande mmoja." Nikaikagua. Mtandao unashika, WhatsApp inafunguka, picha zinapanda. Ni gemu ile tu: unaibonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, basi. Alikuwa tayari kunilipa niitengeneze. Nilimrudishia simu yake na pesa zake, nikashindwa kumweleza vizuri. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari hizi kila nipatapo nafasi, na haya ndiyo ningemwambia.

Gemu ya mtandaoni haikai ndani ya simu. Ndani ya simu kuna picha, sauti na nguo za askari. Mwamuzi yuko mbali, kwenye mashine inayoitwa seva. Usiku ukisimama ufukoni Uvira unaziona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Binamu yangu yuko palepale. Lakini risasi niliyopiga kumwokoa haikukata ziwa. Ilipita kwenye nyaya za nchi kavu, ikashuka baharini, ikafika kwenye seva ya ng'ambo, seva ikaamua kama imempata adui au imemkosa, ndipo habari ikarudi Buyenzi. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva iko Ulaya ya kati: kutoka hapa hadi huko ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 60 na ushei, hata kama waya ungenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Haunyooki hivyo. Kwenye kioo changu ile namba ya kuchelewa, ambayo vijana huiita pingi, ilikuwa 190 siku njema. Siku ya mvua ilipita 300, na ikipita 300 unakufa kabla hujamwona aliyekuua.

Mwamuzi akiondoka, mchezo umekwisha, hata kama mpira bado uko mikononi mwako.

Kwa nini aondoke? Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu naamini ndilo linaloua gemu nyingi kuliko yote: kupungua kwa wachezaji. Wavuvi wetu wa ndagala hutoka usiku, mitumbwi imefungwa pamoja, taa zinaning'inia juu ya maji. Ndagala hufuata mwanga, na samaki wengine, mikeke, hufuata ndagala. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hubaki nyumbani, kwa kuwa ziwa zima lina mwanga na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Wachezaji nao hivyo hivyo. Wa kwanza huvutwa na mwanga wa gemu mpya. Waliobaki huja kwa sababu wa kwanza wapo.

Sasa tupige hesabu. PUBG Mobile inataka watu 100 katika pambano moja. Free Fire, ambayo ilitoka mwaka 2017 na kupendwa sana kwa kuwa inakubali simu dhaifu, inataka 50. Utasema hamsini ni wachache. Lakini hawatakiwi hamsini wowote tu. Wanatakiwa wa eneo moja, wa kiwango kimoja cha ustadi, waliochagua aina moja ya pambano, katika dakika hiyo hiyo. Gemu ikiwa na aina tatu za pambano na viwango vinne, tayari ni foleni 12. Mara 50, ni watu 600 waliosimama wakisubiri kwa wakati mmoja, saa nne usiku, katika eneo lako. Wakipungua kidogo tu, foleni inarefuka. Ikirefuka, anayesubiri anachoka, anatoka. Akitoka, inarefuka zaidi.

Niliiona dalili miezi minane kabla ya mwisho. Kusubiri kulikuwa sekunde nane. Kukawa ishirini. Kukawa dakika mbili, na mega zinaliwa bure. Kisha ghafla kukarudi sekunde nane, vijana wakashangilia mezani pangu, na mmoja wao akaua kumi na watano kwa pambano moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikaomba nishike simu yake kidogo. Maadui walikuwa wakikimbia kwa mstari ulionyooka, wakisimama katikati ya uwanja, wakipiga risasi angani. Walikuwa roboti. Kampuni ilikuwa imejaza viti vitupu. Sikumwambia yule kijana, furaha yake ilikuwa kubwa mno.

Ukubwa wa mwenye gemu hauzuii jambo hili. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, huku washindani wake wakichezwa bure. Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, idadi ya juu kabisa ya waliowahi kuicheza kwa wakati mmoja ilikuwa watu 697. Tarehe 6 Septemba ilizimwa, baada ya siku 14. Sony iliwarudishia wanunuzi pesa zao, na kabla mwaka haujaisha studio iliyoitengeneza ikafungwa. Watu walioifanyia kazi kwa miaka hawakuweza hata kumaliza mwezi wakiitazama ikichezwa. Kila nikisoma habari ile nawahurumia.

Wala sifa haziokoi. Apex Legends Mobile ilifunguliwa tarehe 17 Mei 2022, na mwaka huo huo Apple ikaitangaza gemu bora ya iPhone. Mwishoni mwa Januari 2023 ikatangazwa kwamba itafungwa, na tarehe 1 Mei ikafungwa. Haikutimiza mwaka. Wenyewe, kampuni ya EA, walieleza kwamba vitu vipya vya kuingiza ndani ya gemu havikutoka kwa ubora wala kwa kasi waliyoitaka. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Gemu ya namna hii haitengenezwi ikaisha kama meza ya seremala. Kila mwezi inadai ramani mpya, silaha mpya, kuziba matundu ya wadanganyifu wanaoona adui nyuma ya ukuta, kulipia mashine na umeme wa seva mchana na usiku. Ni kama mtumbwi wa mashine: hata usiku usiopata samaki, petroli imeungua.

Nani analipa? Gemu nyingi za simu ni za bure kuingia. Pesa hutoka kwa wachache wanaonunua diamanti na mavazi ya askari, na kati yao wapo wanaonunua sana, ambao wenye biashara huwaita nyangumi. Sisi wa Uvira si nyangumi. Pesa yetu iko kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na duka la gemu likidai kadi ya benki, nani ana kadi ya benki hapa Mulongwe? Kwa hiyo mhasibu wa mbali akifungua daftari lake, mbele ya jina la eneo letu anakuta seva inayokula pesa na watu wasiotoa kitu.

Hapo nabishana naye. Asubuhi moja apite katika soko letu. Nusu ya wanaopita hawanunui. Wanauliza bei ya muhogo, wanagusa kitenge, wanasalimiana, wanakwenda. Ukiwafukuza wale, mwenye pesa akija atakuta uwanja mtupu na mama watatu wanasinzia, naye atageuza njia. Nyangumi anayevaa koti la dhahabu anahitaji wa kumwona amelivaa na wa kushindana naye. Sisi ndio tulioijaza foleni kwa sekunde nane.

Vifo vingine ni vya namna nyingine, na sitavikalia sana. FarmVille, shamba la Facebook lililoanza mwaka 2009, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020 kwa sababu teknolojia ambayo ilisimama juu yake, Flash, ilikuwa inaondolewa duniani kote. Nyumba ilikuwa nzima, msingi ukaondolewa. Club Penguin ya watoto ilinunuliwa na Disney mwaka 2007 kwa dola milioni 350, ikafungwa Machi 2017, watoto wakiwa wamehama kompyuta na kuhamia simu. Na kuna mtandao wenyewe kukatika. Sisi Wakongo tuliwahi kufungiwa intaneti nchi nzima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa siku zipatazo ishirini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, Afrika Mashariki ikayumba. Gemu inayodai uingie kila siku upate zawadi yako haijui lolote kuhusu siku kama hizo.

Lazima niseme kwa nini jambo hili linaniuma, maana najua wapo watakaosema ni mchezo tu.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Maji yaliingia nyumbani kwetu usiku, tukatoka na watoto mgongoni na nguo tulizovaa. Simu yangu ilikwenda na maji, na namba zote za ndugu zilikuwa ndani yake. Mpaka wa Kavimvira ulikuwa umefungwa kwa sababu ya Korona, hivyo binamu yangu hangeweza kuja kutuangalia, wala mimi sikuwa na namba yake kichwani. Siku ya nne jirani aliniazima simu yake kwa dakika kumi. Neno moja tu la siri nililolikumbuka lilikuwa la gemu. Nikaweka gemu, nikaingia. Kwenye sanduku la ujumbe kulikuwa na jumbe thelathini na moja kutoka kwake, na zote zilisema jambo moja: Yaya, uko? Nikaandika: Niko, sote tuko. Akajibu kabla sijaondoa kidole.

Ujumbe ule ulikuwa ndani ya seva. Ilipozimwa, ulikwenda nayo.

Kwa hiyo msimamo wangu hauna maficho. Kampuni ina haki ya kuacha biashara isiyolipa. Hata mimi nikikosa wateja nitafunga meza. Lakini ikiondoka iwaachie wachezaji ufunguo, ili anayeweza kuwasha seva yake mwenyewe aiwashe. Linawezekana. Gemu ya City of Heroes ilifungwa tarehe 30 Novemba 2012, mashabiki wakaifufua kwa mashine zao, na Januari 2024 kampuni ya NCSoft, mwenye mali, ikawapa baadhi yao kibali rasmi cha kuiendesha. Huko Ulaya, baada ya kampuni ya Ubisoft kuzima seva za gemu ya The Crew tarehe 31 Machi 2024, ilhali watu walikuwa wameinunua kwa pesa zao, mtu mmoja aitwaye Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games kudai gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka. Mwezi Julai 2025 saini za raia wa Umoja wa Ulaya zilipita milioni moja. Sisi hatukuwa na pa kutia saini hiyo, lakini ningalikuwa napo ningalitia.

Binamu yangu amehamia gemu nyingine, ananiita, mara moja moja nakwenda. Mezani pangu vijana wamerudia Mini Militia, vita vya vikatuni vidogo vinavyoruka kwa moto wa mgongoni. Mmoja anafungua hotispoti, wenzake watano wanaingia, na seva ni ile simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni. Hakuna mega hata moja inayotumika. "Nyuma yako! Nyuma!" anapiga kelele mmoja, na huyo aliye nyuma amekaa naye benchi moja, goti kwa goti. Jana saa moja jioni umeme ulikatika soko zima, redio zikanyamaza, mashine ya kusaga ikanyamaza. Zile simu sita ziliendelea kuwaka kwenye benchi. Nikangoja wamalize ndipo nifunge meza.