Mbwa Aliyebadilika Ghafla: Udenda Unaodhaniwa Mfupa Kooni

Katika kaya za wakulima na wafugaji wa Magamba, Mpanda, mbwa ni mlinzi wa nyumba na wa zizi. Anapoamka siku moja taya limelegea, udenda unamchuruzika na maji hayapiti, dhana ya kwanza ya mwenyewe huwa kwamba mfupa umemkwama. Mkono hutiwa kinywani ili kuutoa. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa taya lililolegea na kushindwa kumeza ni dalili za kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza, ambacho hakina ukali wala mbio za kung'ata watu. Virusi vimo katika mate hayo, na mchubuko mdogo wa kidole watosha kuvipitisha.

Wengi wanaijua sura ile nyingine tu: mbwa mkali, anayezurura na kuuma chochote. Kipimo bora zaidi ni badiliko la tabia. Mbwa mkali aliyenyong'onyea na kujificha gizani, mpole aliyeanza kuuma, anayebweka kwa sauti ngeni, anayetafuna mawe na vijiti au anayeyumba miguu ya nyuma, huyo asishikwe. Afungiwe mahali pasipofikiwa na watoto, kisha afisa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Mkoa wa Katavi una jambo lake pia. Misitu yake ya miombo ina mbung'o, na mbwa wanaofuatana na wachungaji huumwa nao. Homa, uso uliovimba, fizi zilizopauka na hasa macho yaliyotanda ukungu huashiria nagana, ambayo kwa mbwa huweza kuua katika wiki chache asipotibiwa. Baadhi ya vimelea hivyo ndivyo vinavyoleta malale kwa binadamu. Tabibu anayesikia habari za mbwa wa namna hiyo nyumbani kwa mgonjwa mwenye homa isiyoisha ana sababu ya kuagiza damu ichunguzwe kwa hadubini.

Yapo yasiyongoja hata usiku upite: kutetemeka na kutapika baada ya kula sumu ya panya au dawa ya shambani, uvimbe wa ghafla wa uso au mguu baada ya kuumwa na nyoka, tumbo lililojaa kama ngoma huku mbwa akijaribu kutapika bila kutoa kitu, na mtoto wa mbwa anayehara damu. Desturi ya kumnywesha maziwa au mafuta kwa nguvu haifai. Kwa mnyama anayeyumba, kinywaji hicho huishia mapafuni.

Aliyeumwa, au aliyeingiza mkono kinywani, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya akaanze chanjo. Jeraha linalotoa damu huhitaji pia sindano ya kingamwili. Ni kweli kwamba mbwa aliyeuma akibaki mzima kwa siku 10, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Lakini hizo ni siku za kumchunguza mbwa, nazo si ruhusa ya kumchelewesha mtu. Mbwa akifa au akiuawa, asizikwe kabla afisa mifugo hajaarifiwa: uthibitisho wa kichaa hupatikana katika ubongo wake, na kichwa kilichopondwa kwa rungu huenda kisifae tena kupimwa.