Kompyuta shuleni: mtaji bila mwalimu haulipi

Wafanyabiashara wa Mwanza wanaouza kompyuta, vishikwambi, projekta na sola wanaiona elimu kuwa soko lenye wateja wa kudumu. Wenye shule binafsi nao huvitangaza vifaa hivyo ili kuwavuta wazazi. Hata hivyo, historia ya Kanda ya Ziwa na ya nchi kwa jumla inaonyesha kuwa kifaa ni sehemu ndogo ya gharama, na kwamba faida yake hutegemea mwalimu anayekitumia.

Redio ilihitaji kiongozi

Mwanza si mgeni wa majaribio ya elimu. Kati ya 1968 na 1972 jiji hili lilikuwa makao ya mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa kutumia shughuli za wananchi wenyewe: pamba, migomba, uvuvi na ufugaji.

Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni 2. Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza namna ya kuongoza mazungumzo baada ya kipindi.

Kompyuta zilichelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na soko lake lilifunguka tu pale uchumi ulipolegezwa. Mkongo wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yaliyotegemea setilaiti yakapata njia ya bei nafuu zaidi.

Tangu hapo vifaa vimeongezeka. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu wa shule za serikali. Nchini Kenya, kuanzia 2016, Serikali ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi.

Matokeo yanasemaje?

Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa vijijini. Uchunguzi wa shule 319, uliotolewa mwaka 2012, haukuona nafuu yoyote katika hesabu wala lugha.

Tanzania ina ushahidi wake, ingawa haukuhusu kompyuta. Katika mpango wa KiuFunza wa Twaweza, mwaka 2013 na 2014, shule za msingi 350 zilihusishwa. Shule zilizopewa fedha peke yake, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, hazikupandisha alama. Zilizopewa fedha hizo pamoja na bonasi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu zilipandisha, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya athari za fedha na bonasi kila moja ikiwa peke yake.

Kwa lugha ya sokoni, vifaa na mwalimu ni bidhaa zinazokamilishana. Mwenye mtumbwi anayenunua mashine wakati hana nahodha anaijua hasara hiyo.

Lipo jaribio linaloelekea kupinga hoja hii. Mkoani Tanga, hadi 2019, watoto wa vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili katika shindano la Global Learning XPRIZE. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, bila mwalimu wa darasani.

Hayo ni mafanikio makubwa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Lakini hata huko vilijengwa vituo vya kuchaji kwa sola, na wapo wanakijiji waliopewa kazi ya kuangalia vifaa. Aidha, nusu nyingine ya watoto hao bado haikuweza kusoma.

Hesabu ya mwenye shule

Chukua mfano wa kukadiria wa shule yenye wanafunzi 300 inayonunua kompyuta 20 kwa shilingi 600,000 kila moja. Hizo ni shilingi milioni 12. Kama zitadumu miaka minne, ni milioni 3 kwa mwaka.

Mwalimu anayelipwa 500,000 kwa mwezi anagharimu milioni 6 kwa mwaka. Umeme, intaneti na matengenezo vikiwa 150,000 kwa mwezi, ni milioni 1.8. Jumla ni milioni 10.8 kwa mwaka, sawa na shilingi 36,000 kwa kila mwanafunzi. Kompyuta zenyewe ni asilimia 28 tu ya gharama hiyo.

Mwenye shule anayebana matumizi kwa kumwondoa mwalimu, umeme, intaneti na matengenezo atabaki na gharama ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. Inaonekana nafuu, lakini ni fedha iliyofungiwa chumbani, na mzazi aliyeahidiwa elimu ya kompyuta hatakawia kuuliza mtoto wake amejifunza nini.

Fedha iko wapi?

Kwa muuzaji, fundisho ni kwamba faida ya kuuza kifaa huja mara moja, ilhali mafunzo ya walimu, vipuri na matengenezo huleta fedha kila muhula. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea fundi wa Mwanza foleni ya kivuko aendapo Sengerema na Geita. Ukerewe bado hufikiwa kwa maji, hivyo mkataba wa huko lazima uhesabu nauli na siku za kusubiri.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuingia ubia katika shule au kituo cha twisheni, maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha ni haya: nani anafundisha, amefundishwa na nani, kila darasa lina vipindi vingapi vya kompyuta kwa wiki, na fungu la matengenezo ni kiasi gani. Mwenye shule akijibu kwa kutaja idadi ya kompyuta pekee, ni heri fedha ibaki benki.