Kuchapa Picha kwa Jua na Maji

Askari aliye mbali na nyumbani huhifadhi sura za jamaa zake katika simu. Simu ikiharibika, sura nazo hupotea. Picha ya karatasi huweza kubaki miaka mingi. Wengi hudhani kwamba kuichapa kwa mkono kunahitaji mashine za thamani, lakini Merikit, wilayani Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, jua kali la Ikweta latosha kufanya kazi hiyo.

Njia hii ya picha za buluu ilibuniwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Vita navyo viliijua: mwaka 1900, mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa na Makaburu, stempu za barua zilichapwa humo kwa njia hiyohiyo.

Yahitajika chumvi mbili zenye madini ya chuma, zipatikanazo kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Yeyusha gramu 25 za amoniamu feriki sitrati katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Katika mwanga hafifu, changanya kiasi sawa, upake karatasi nzito kwa brashi, kisha uikaushe gizani. Weka jani la muhogo juu yake, funika kwa kioo, uanike juani dakika 5 hadi 15. Osha kwa maji matupu, bila sabuni, mpaka umanjano utoke. Palipopigwa na jua huwa buluu. Palipofunikwa hubaki peupe.

Kwa sura ya mtu, badala ya jani tumia negativu, yaani picha ambayo peupe pamegeuzwa kuwa peusi, iliyochapwa juu ya plastiki angavu.

Tahadhari: vyombo vya kazi hii visipikiwe tena, kemikali zifichwe mbali na watoto, wala zisichanganywe na asidi, kwani huweza kutoa hewa ya sumu.

Asiye na fedha aanze na maji ya mchicha uliotwangwa. Picha yake huchukua siku kadhaa juani, na hufifia upesi mwangani. Lakini humfundisha mtu kazi bila gharama. Akiisha kuzoea, na anunue zile chumvi mbili, ili sura ya mama yake isitegemee tena uhai wa simu.