Rangi Isiyo na Jina kwenye Mabuyu

Mtoto akinunua mabuyu Siakago baada ya masomo, ulimi wake huwa mwekundu kabla hajafika nyumbani. Wekundu huo hautoki kwenye mbuyu, maana unga unaozunguka mbegu zake ni mweupe. Mtengenezaji huchemsha sukari na maji, akatia rangi ya dukani, kisha akazikoroga mbegu humo hadi zikolee. Ni rangi gani, na kiasi gani? Kwenye pakiti ya nailoni iliyofungwa kwa mkono hakuna pa kusoma jibu.

Januari 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilifuta kibali cha erithrosini, rangi nyekundu namba 3, katika vyakula. Viwanda vilipewa hadi Januari 2027 kuiondoa. Chanzo cha uamuzi huo ni panya dume waliolishwa dozi kubwa wakapata saratani ya tezi ya shingo. Sheria ya huko ya mwaka 1960 inakataza rangi yoyote ya chakula ikishaonekana kuleta saratani kwa mtu au mnyama, dozi iwayo yote. FDA yenyewe ilieleza kwamba namna rangi hiyo inavyowadhuru panya dume haitokei kwa binadamu. Kwa hiyo mzazi asiogope kwamba peremende moja aliyokula mwanawe jana itamletea saratani. Lakini pia asidhani kwamba kisichopigwa marufuku hapa kwetu ni salama kwa kiasi chochote.

Sisi watu wa Mbeere, iliko Siakago, tunajua jinsi marufuku inavyoweza kuvutana na siasa na riziki. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayolimwa huku kwetu, Kilifi ikafuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Katika mvutano wa namna hiyo, kipimo cha maabara husahaulika upesi.

Na kipimo ndicho chenye uzito. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO hukadiria kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku, maisha yake yote, bila madhara yanayotarajiwa. Kwa erithrosini ni hadi miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa tatrazini, ile rangi ya manjano, ni hadi miligramu 10. Mtoto wa kilo 20 basi ana nafasi ya miligramu 2 za erithrosini kwa siku, na 200 za tatrazini: tofauti ya mara mia. Anayetia rangi kwa kukadiria na ncha ya kijiko hawezi kuiona tofauti hiyo. Hata lebo ya kiwandani inayosema tu "rangi zilizoruhusiwa" inamficha mnunuzi jambo la maana kuliko yote.

Kinachonitia hofu zaidi ni rangi ambayo haikuwa ya chakula tangu mwanzo. Februari 2024 jimbo la Tamil Nadu nchini India lilipiga marufuku pamba ya sukari baada ya maabara kukuta rodamini B, rangi ya kutilia vitambaa. Ni ya bei nafuu, inang'aa, na kidogo tu hukoleza sufuria nzima. Jicho haliwezi kuitenga na rangi halali.

Mama anayepika mabuyu nyumbani ili alipe karo anahitaji kuelekezwa kabla ya kuadhibiwa. Anunue rangi iliyo kwenye kopo lake, yenye jina, namba na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, aachane na ile inayopimwa kwa karatasi sokoni. Atumie mizani ndogo. Aandike jina la rangi kwenye pakiti, hata kwa kalamu. Kwa upande wa kaunti, Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inampa afisa wa afya ya umma uwezo wa kuchukua sampuli na kuipeleka kwa mkemia wa serikali. Mabuyu, barafu za rangi na peremende za kuuzwa mojamoja zinastahili kuchukuliwa sampuli kwanza, kwa sababu wanaozila ndio wenye kilo chache zaidi.