Jinsi ya kupiga picha nzuri za magari ya kale

KATIKA uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi, ambako mashindano ya magari ya Concours d'Elegance yamekuwa yakiandaliwa kwa miaka mingi, ni nadra mtazamaji kuondoka bila picha. Hata hivyo, nyingi ya picha hizo hufanana: zimepigwa saa sita mchana, mpigapicha akiwa amesimama wima, na nyuma ya gari kuna mahema na miguu ya watu.

Picha ya aina hiyo huthibitisha kwamba gari lilikuwepo, lakini haionyeshi lilivyokuwa. Kasoro hiyo si ndogo kwa sababu magari haya yanazidi kupungua. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ilikuwa gari la kawaida katika barabara za Kenya. Nyingi zimeozea nyuma ya gereji au kuuzwa kama vyuma kuukuu, na familia zilizozimiliki zimebaki na picha tu, ikiwa zipo.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mwanga. Kwa kuwa Kenya inapitiwa na ikweta, jua la adhuhuri huwa utosini. Hung'arisha paa na boneti kupita kiasi, huku ubavu na magurudumu yakimezwa na kivuli. Wakati ufaao ni mwendo wa saa moja asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, jua linapomulika gari kutoka upande. Siku ya mawingu pia hufaa, kwani mwanga husambaa sawasawa.

Pili ni kimo. Anayepiga picha akiwa amesimama huonyesha paa zaidi ya umbo. Akipiga goti na kuishika kamera sambamba na taa za mbele, gari hupata hadhi yake. Akielekea kwenye kona ya mbele, uso na ubavu vitaonekana kwa pamoja. Usukani nao ukatwe kidogo ili rimu ya gurudumu la mbele, wala si mpira wa tairi, ielekee kamera.

Umbali nao una athari. Kamera ikisogezwa karibu mno, pua ya gari huvimba na sehemu ya nyuma husinyaa. Ni heri kurudi nyuma hatua kadhaa na kutumia lenzi ya milimita 70 au zaidi, ili vipimo vya gari visipotoshwe.

Kabla ya kubonyeza, mpigapicha achunguze yaliyo nyuma ya gari. Nguzo ya umeme inaweza kuonekana kana kwamba imeota kwenye paa, ilhali kusogea hatua mbili tu kungeiondoa. Ukuta wa mawe au barabara ya vumbi hulifaa gari la kale kuliko bango la biashara.

Rangi iliyosuguliwa ni sawa na kioo. Mpigapicha aliyevaa shati jeupe atajiona mlangoni mwa gari jeusi, hivyo mavazi ya rangi nzito ni bora. Kipo kichujio cha lenzi kinachopunguza mng'ao juu ya vioo na rangi, lakini hakisaidii sana kwenye kromu ya bampa. Hapo dawa ni kubadilisha mahali pa kusimama.

Picha moja haitoshi. Nembo, dashibodi, usukani na viti vilivyochakaa vinastahili picha zake. Mikwaruzo pia isifichwe: kwa gari lililopambana na tope la Safari, kovu ni sehemu ya historia yake. Anayeifuta kwa kompyuta huifuta historia hiyo.

Mwisho, kila picha iandikwe aina ya gari, mwaka lilipoundwa, jina la mwenyewe na mahali ilipopigwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka 30 baadaye, picha nzuri isiyo na maelezo itakuwa gari lisilojulikana, mbele ya nyumba isiyojulikana.