Je, Wajua? Mpaka Unaokwepa Mlima

Mpaka wa Kenya na Tanzania unatoka Ziwa Victoria ukiwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na kweli ndivyo ulivyochorwa. Ukikaribia Kilimanjaro unapinda, unauacha mlima wote Tanzania, kisha unashuka hadi pwani.

Wengi tumesimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaisari Wilhelm II. Si kweli. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari huo mwaka 1886. Wilhelm alitawazwa 1888. Mawakala wa Kijerumani walikuwa wameshatia saini mikataba na watawala wa Kilimanjaro, akiwemo Mangi Rindi wa Moshi, nao Waingereza wakabaki na upande wenye Mombasa.

Wamaasai hawakuulizwa. Ndiyo maana hadi leo ni jamii moja, yenye lugha na mila moja, ndani ya dola mbili. Dola huhitaji ardhi yenye mipaka, wakazi, serikali na mamlaka yake; taifa huweza kuishi bila mipaka, serikali wala mamlaka yake, mradi watu wanajiona wamoja.

Wasomali waliliweka jambo hilo kwenye bendera: pembe tano za nyota yake ni maeneo matano waliyogawanywa, likiwemo la kaskazini mashariki mwa Kenya. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoamua mjini Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe, Somalia na Morocco zilikataa.